Maswali ya kila siku kuhusu kununua kamera ya midiamu fomati iliyotumika ukiwa Mwanza

Maswali haya yananijia yaleyale, mengine naulizwa tukisubiri pantoni pale Kamanga, sasa nimeyaweka sehemu moja mtu asome kwa nafasi yake. Nitangulize msimamo wangu usije ukashangaa mbele: kwa sisi wa kanda ya ziwa kamera nzuri ni ile ambayo ikigoma una namna ya kuifufua hapahapa, na hali ya kamera iliyo mbele yako ina uzito kuliko jina lililoandikwa juu yake. Majibu mengi yatarudi hapo.

## Mambo ya msingi

Midiamu fomati ni kitu gani, si kamera ya filamu tu kama zingine?

Ni kamera ya filamu ndiyo, ila filamu yenyewe ni kubwa. Zile tulizozoea nyumbani ni za mm 35, filamu iko ndani ya kikopo na fremu moja ni mm 24 kwa 36. Hii nyingine inaitwa 120, Kodak waliitoa mwaka 1901 na mpaka leo inatengenezwa, upana wake kama sm 6, haina kikopo, imeviringishwa kwenye spuli pamoja na karatasi ya mgongoni inayozuia mwanga. Fremu ya 6x6 kiuhalisia ni kama mm 56 kwa 56, piga hesabu, hiyo ni zaidi ya mara tatu na nusu ya fremu ya mm 35.

Faida yake unaiona ukisafisha picha kubwa ya ukutani. Chengachenga hazionekani sana, na ngozi ya mtu inatoka kwenye mwanga kuingia kivulini taratibu bila kukatika. Kama picha zako zote zinaishia status ya WhatsApp, aisee baki na mm 35, utaokoa hela nyingi.

645, 6x6, 6x7, 6x9, hizi namba ni nini na nichukue ipi?

Ni ukubwa wa fremu kwa sentimita (645 ni 6 kwa 4.5), na mfukoni mwako maana yake ni picha ngapi unapata kwenye roli moja: 645 inatoa 15 au 16 kutegemea kamera, 6x6 inatoa 12, 6x7 inatoa 10, na 6x9 nane tu. Roli bei ni ileile, kwa hiyo mwenye 6x9 kila akibonyeza anaunguza karibu mara mbili ya mwenye 645.

Anayeanza namwambia 6x6. Mraba hauhitaji kulaza kamera, unapiga tu, ukitaka ya kusimama au ya kulala utakata baadaye. Anayetaka picha za watu za kusafisha kubwa aende 6x7. Wa 645 ni yule anayepiga nyingi, harusi, send-off, vitu kama hivyo.

Dijitali ipo, simu zipo, kwanini nijitese?

Hakuna anayekulazimisha mkuu. Wateja wanaotaka picha jioni hiyohiyo wapigie dijitali, filamu iwe ya kazi zako au ya mteja anayeielewa na yuko tayari kuilipia na kuisubiri.

Wanaposema "sistimu" wanamaanisha nini?

Nyingi ya kamera hizi zinafunguka vipande vipande: bodi katikati, lensi mbele, magazini ya filamu nyuma, kiangalizio juu. Unaona tangazo la bodi bei poa unashangilia, kumbe ni bodi tupu, ukianza kutafuta magazini peke yake, lensi peke yake, kiangalizio peke yake, jumla inapita bei ya seti kamili na kila kipande kimekuja na usafiri wake na ushuru wake. Nunua seti kamili inayopiga picha, nyongeza zitafuata.

Na usikimbilie lensi tatu. Kwenye 6x6 lensi ya mm 80 ndiyo ya kawaida, kwenye RB67, ile Mamiya ya 6x7, ni 90 au 127. Kaa nayo hiyo moja, ukija kuongeza chukua ya sura za watu, 150 kwenye 6x6 au 180 kwenye RB67.

## Kuchagua

Hela yangu ndogo, nianze na ipi?

Kamera ya lensi mbili, ile ya juu ya kuangalizia na ya chini ya kupigia, unainamisha kichwa unachungulia kutoka juu. Mafundi picha wa zamani wengi walikuwa nazo, na bado kuna familia zina moja iko kabatini haijaguswa, ulizia kwa wazee kabla hujaingia mtandaoni.

Yashica Mat 124G ndiyo inayotajwa sana, ilitengenezwa kuanzia 1970 mpaka 1986, lensi mm 80 f/3.5 (hiyo f ni upana wa tundu la lensi), inafanya kazi bila betri kwa sababu betri ni ya mita ya kupima mwanga tu. Kwa kuwa imetajwa sana bei imepanda, angalia na Yashica-D ambayo ni ya zamani zaidi na haina mita kabisa, au Rolleicord ya Wajerumani ambayo imejengwa vizuri sana. Seagull ya Shanghai inategemea bahati, kuna nzima na kuna ambazo zilitoka kiwandani zimeshachoka. Lubitel ya Warusi ni ya plastiki, kioo chake cha kuangalizia kinatesa macho, ila ni rahisi na inafundisha.

Ubaya wa hizi: lensi haibadiliki (isipokuwa Mamiya za C, kama C220 na C330), huwezi kutoa filamu katikati ya roli, na picha kwenye kioo inaonekana kushoto kumekuwa kulia, siku za kwanza mtu akitembea mbele yako utamfuata upande usio wake. Ukisogea karibu sana, lensi ya juu inaona tofauti kidogo na ya chini, utakata kichwa cha mtu usipokuwa makini.

RB67 au Hasselblad? Nimechanganyikiwa.

Hili ndilo swali lenyewe. Zote mbili ni za chuma na gia tupu, hazihitaji betri hata moja, na shata, kile kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga, iko ndani ya lensi. Kwa huku hiyo peke yake inaziweka mbele ya karibu zote zilizobaki.

Hasselblad 500C ilitoka 1957 Sweden, 500C/M ikafuata 1970, lensi zake ni Zeiss, ni ya 6x6, ukiwa na lensi ya 80 ni kama kilo moja na nusu, unaweza kuzunguka nayo Makoroboi asubuhi nzima. Ni kamera tamu kushika, sikatai. Lakini bei ya seti moja mara nyingi unapata RB67 na lensi ya ziada na filamu ya miezi, na Hasselblad ina masharti yake, angalia swali la kukwama kule mwisho.

Mamiya RB67 ilitoka 1970, Pro-S ikaja 1974, Pro-SD 1990. Ni 6x7, nyuma inazunguka kwa hiyo hulazi kamera, unazungusha magazini tu. Fokasi inakwenda kwa mvukuto, unasogea karibu na uso wa mtu bila kununua kifaa cha ziada. Uzito wake ndio dhambi yake, zaidi ya kilo mbili na nusu, shingoni haifai, kwenye bodaboda usijaribu kuining'iniza, tafuta begi la mgongoni na tripodi ya kweli. Mtu anayepiga picha za watu nyumbani au studio namwambia RB67 Pro-S bila kufikiri mara mbili. Anayetembea, anayepanda mawe ya Capri Point kusubiri jua lizame nyuma ya Jiwe la Bismarck, kama hela anayo achukue Hasselblad, kama hana basi 124G itamfikisha.

Halafu usichanganye RB67 na RZ67. RZ ya 1982 ni ya umeme, betri ikifa unabaki na kasi moja ya shata ya dharura tu, 1/400 ya sekunde.

Bronica na Mamiya 645 zinauzwa bei nzuri ila zinataka betri. Betri nitapata wapi Mwanza?

Watu wengi wanaogopa hapa bure. Bronica ETRS, SQ-A na Mamiya M645 zinatumia betri ya volti 6, ile inaandikwa PX28 au 4LR44, na ukienda dukani ukaitaja kwa jina hilo utaangaliwa tu. Lakini betri hiyo ni vibetri vinne vya LR44 vimepangwa kimoja juu ya kingine, na LR44 mafundi saa wanazo, zinatumika kwenye kalkuleta na midoli. Chukua nne mpya za aina moja, zipange chanya kwa hasi, zifunge na ukanda wa karatasi zisikae mshazari, ingiza. Zenye alama ya SR44 ni bora zaidi kwa sababu volti haishuki taratibu, zinakaa sawa mpaka zinapokata.

Kinachoniogopesha kwenye Bronica ni kingine: bodi ya umeme ikiungua hakuna cha kufufua, unatafuta kamera nyingine ya kukata spea. Bila betri inabaki na 1/500 tu. Kama unaipata nzima kwa bei nzuri chukua, SQ-A hasa ni kamera ya kazi, ila ujue ukomo wake ni nini.

Pentax 67 inasifiwa kila mahali, mbona huisemi?

Naisema sasa. Picha zake nzuri, lensi ya 105 f/2.4 ni ya hatari, unaishika kama kamera ya kawaida iliyokuzwa. Lakini inataka betri, shata yake ni ya pazia kubwa linalopita nyuma, flashi inakubali mwisho 1/30, na kile kiangalizio chenye mita kinaungana na bodi kwa kimnyororo chembamba ambacho watu wanakikata: ukikitoa halafu ukakirudisha lensi ikiwa bado iko kwenye bodi, umekwisha. Toa lensi kwanza, rudisha kiangalizio, ndipo urudishe lensi. Ukikagua ya kununua zungusha tundu la lensi uone kama mshale wa mita unasogea, usiposogea inaweza kuwa betri au mita, ila kimnyororo ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kiev 88 na Pentacon Six bei ya kutupwa, nichukue?

Kama una roho ngumu. Lensi za Pentacon Six kama Biometar 80 f/2.8 ni nzuri kweli, tatizo ni bodi, hazipangi fremu vizuri, picha zinapandiana. Kiev ndiyo zaidi, moja ni nzima na pacha wake ni kimeo. Kwa mtu wa Stockholm au Berlin mwenye fundi mtaa wa pili sawa, kwa mtu wa Nyegezi hapana.

Napiga harusi na flashi, ipi inafaa?

Yoyote yenye shata ndani ya lensi: Hasselblad 500, RB67, Bronica SQ na ETRS, Yashica. Flashi inakubali kila kasi mpaka ile ya juu kabisa, ambayo ni 1/400 au 1/500. Hii inaonekana kidogo kwenye karatasi lakini fikiria bi harusi mwenye gauni jeupe saa saba mchana ufukweni, jua kali, uso umeingia kivuli. Ukiwa na 1/500 unalishusha jua na flashi inajaza uso. Ukiwa na Pentax na 1/30 yake huwezi.

## Kununua

Ninunue wapi?

Njia ni tatu. Ya kwanza ni hapa nchini, kwa wazee wa studio na kwenye makundi ya wapiga picha, bei inaweza kuwa nzuri sana na unaishika kabla ya kulipa. Ya pili ni maduka ya nje yanayokagua na kutoa dhamana, kama KEH ya Marekani na MPB ya Uingereza, unalipa zaidi kidogo ila unajua unachopata, hakikisha tu kabla kama wanatuma huku au unahitaji ndugu wa kupokea kule. Ya tatu ni eBay, ambako wauzaji wa Japani wamejaa, vitu vingi vya Japani vimetunzwa, ila soma jibu linalofuata.

Ukiwa na ndugu au rafiki anayekuja kutoka nje, mpe yeye. Kamera inasafiri vizuri kwenye begi la mkononi kuliko kwenye boksi linalotupwatupwa.

Maneno ya kwenye matangazo yanamaanisha nini?

"Untested" mara nyingi maana yake ameijaribu na haifanyi kazi. Muuzaji anayejua kusema ni aina gani ya lensi na namba ya serial ni ngapi, halafu ashindwe kubonyeza shata, si kweli. "As is" ni kwamba usirudi kulalamika. "Mint" siku hizi imeshuka thamani, kuna tangazo juu limeandikwa mint na alama za kujumlisha tano halafu chini kabisa kwa herufi ndogo kuna ukungu kidogo na fangasi kidogo, kwa hiyo anza kusoma kutoka chini. "Film tested" ndiyo neno zuri, ila omba picha zenyewe zilizopigwa.

Ushuru unakuwaje?

Ikija kwa posta au kwa kampuni ya kusafirisha, mzigo unapita forodha, na hesabu inapigwa juu ya bei ya kitu pamoja na usafiri na bima, sio bei ya kitu peke yake. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, na kampuni ya kusafirisha inaweka ada yake ya kukutolea. Kwa hiyo kamera ya bei rahisi yenye usafiri ghali bado itakuuma. Risiti iwe ya kweli, na waulize wanaokutolea mzigo wakupe makadirio kabla hujanunua.

Muuzaji yuko Dar anataka nitume hela kwanza, nifanyeje?

Usitume. Hata akikwambia kuna mtu mwingine anaitaka, hata akikutumia picha ya kitambulisho. Omba videocall, mwambie abonyeze shata kwa sekunde 1 na 1/2, afungue mgongo, amulike tochi kwenye lensi. Mwenye kamera atafanya, tapeli ataanza kusema mtandao unasumbua. Ukikubali, tafuta mtu unayemwamini aliyeko Dar akaichukue mkononi na alipe palepale.

## Kukagua

Nikishaishika mkononi nikague nini?

Nenda na tochi ya simu, simu yenye video ya slomosheni, na roli moja ya filamu iliyoharibika au iliyoisha muda, hiyo ni ya kutoa kafara.

Anza na shata. Weka sekunde 1, bonyeza, sikiliza. Gia za kasi ndogo zinatoa mlio mwembamba unaokwenda sawasawa mpaka mwisho, ukisikia unasuasua au unakwama katikati, mafuta yameganda na inataka kusafishwa. Shata za ndani ya lensi zikikaa miaka bila kutumika kasi ndogo ndizo zinakufa kwanza, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha 1/125 tu na kusema "unasikia inavyopiga" hajakuonyesha kitu. Kisha fungua mgongo, piga video ya fremu 240 kwa sekunde ukiangalia mwanga kupitia lensi, halafu hesabu fremu ambazo shata imekaa wazi. 1/30 inatakiwa iwe kama fremu 8, 1/60 kama 4. Juu ya hapo simu haitoshi kupima, usiumize kichwa.

Geukia filamu. Ingiza ile roli ya kafara, toa kile kibamba cha kuzuia mwanga, chora na kalamu ya maka mipaka ya fremu juu ya filamu, peleka mbele, chora tena, mpaka roli iishe. Ifungue mezani, utaona mistari yote na nafasi kati yake. Zikipandiana, magazini ni mbovu au imechoka. Jaribio hili halichukui dakika nyingi na muuzaji mwenye haraka ndiye wa kumfanyia.

Sponji za kuzuia mwanga, zile nyeusi kwenye milango ya magazini, zikibonyea na kuacha lami kwenye kidole zimeoza. Hiyo sio sababu ya kuacha, ni sababu ya kupunguza bei, unakata mpya nyembamba unabandika mwenyewe. Mvukuto wa RB67 au wa kamera za kukunja ingia nao chumba cha giza, weka tochi ndani, angalia pembe zake kwa nje, ukiona nyota acha. Kwenye Hasselblad hakikisha namba ya ganda la magazini na ya kitu cha ndani zinafanana, zisipofanana ujue vimekusanywa huku na kule.

Fangasi kidogo kwenye lensi, ninunue au niache?

Mulika tochi kupitia lensi tundu likiwa wazi kabisa na shata kwenye B (inabaki wazi muda wote ukiibonyeza), angalia kwa mshazari. Vumbi la ndani lipo kwenye lensi zote, lipuuze. Fangasi inaonekana kama nyuzi zinatambaa kutoka ukingoni. Ikiwa ukingoni kwenye kioo cha mbele na ni kidogo, picha haitaonyesha, tumia kupunguza bei. Ikiwa kioo cha nyuma au katikati, achana nayo, maana hata ikisafishwa inaweza kuwa imeshakula rangi ya kioo. Ukungu mweupe ulioenea wote ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, picha zinapauka zote. Kwenye kamera ya lensi mbili, fangasi ya lensi ya juu haina shida, ile ni ya kuangalizia tu.

Sisi tuna ziwa. Lensi uliyonunua safi inaweza kuota fangasi ukiiacha kwenye ala ya ngozi kabatini kuanzia vuli mpaka masika. Tafuta ndoo au boksi la plastiki linalofunga kabisa, weka vile vipakiti vya silika jeli, vikilowa vikaushe kwa moto mdogo vitumike tena. Na kamera itumie, inayotembea haioti.

Hasselblad hii anasema ni ya miaka ya 80, nitajuaje?

Namba ya bodi inaanza na herufi mbili, na herufi hizo ni mwaka. Andika VHPICTURES, halafu V ni 1, H ni 2, P ni 3, endelea mpaka E ni 9 na S ni 0. UC ni 75, kwa hiyo 1975. RP ni 1983. Magazini nazo zina herufi zake. Umri peke yake hauharibu kamera, ila mtu akikudanganya mwaka atakudanganya na mengine.

Mita imekufa, niache?

Usiache kwa sababu hiyo. Mita ya 124G ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena, hata ikiwa nzima inasoma kwa kubahatisha. Programu ya simu inatosha, au jua lenyewe: saa sita mchana anga safi, filamu ya ISO 100, weka tundu f/16 na shata 1/125. Filamu ya negativu ya rangi inavumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua, ukiwa na shaka ongeza. Na ukipima uso wa mtu mweusi kwa mita inayosoma mwanga unaorudi, itataka kuufanya uso uwe wa kijivu, kwa hiyo punguza kama stopu moja (stopu moja ni nusu au mara mbili ya mwanga), au pima kiganja cha mkono wako kwenye mwanga uleule, halafu ongeza stopu moja.

## Kuishi nayo

Filamu natoa wapi na naitunzaje?

Usitegemee kuikuta dukani mjini, agiza kwa pamoja na wenzako usafiri ugawanyike. Nyeusi na nyeupe za bei nafuu ni Fomapan na Kentmere, Ilford HP5 Plus ndiyo ya kutegemea. Ya rangi, Kodak Gold 200 walianza kuitoa kwa 120 mwaka 2022 na inafaa sana mwanga wetu, Portra ni nzuri ila bei yake inauma. Kaa nazo kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na ukitoa iache saa kadhaa kabla ya kufungua, isije ikatoa jasho. Kuipakia na kuitoa tafuta kivuli, hata cha mwili wako mwenyewe.

Ukipita uwanja wa ndege omba ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT zinaharibu filamu, begi la kwenda chini ya ndege usiweke kabisa.

Naweza kuosha mwenyewe?

Nyeusi na nyeupe ndiyo, na nakushauri sana. Shida yetu ni joto. Vipimo vyote vimeandikwa kwa digrii 20 na maji ya bomba huku yanapita hapo kirahisi, 24 ni kawaida. Una njia mbili: kupoza kwa chupa za barafu ndani ya beseni, au kupunguza muda. Dakika 9 za digrii 20 ni kama dakika 6 kwa 24. Ikishuka chini ya dakika 5 hivi filamu inaweza kutoka na madoa, hapo ongeza maji kwenye dawa au rudi kwenye barafu. Usipoze dawa ya kwanza halafu ukaosha kwa maji ya moto, vyote viwe karibu joto moja. Ya rangi inataka digrii 38 kamili, na huku kuipandisha ni rahisi kuliko kuishusha.

Na kuskani?

Epson V600 inachukua 120. Au piga negativu kwa kamera ya dijitali yenye lensi ya makro (ya kupiga vitu vya karibu sana) juu ya meza ya taa, inakwenda haraka zaidi.

Naogopa kuipeleka mwaloni, mchanga na vumbi.

Mchanga ndio adui, zaidi ya maji. Pale dagaa wanapoanikwa upepo unabeba mchanga na magamba, usibadilishe magazini ukiwa umesimama ufukweni, ingia ndani ya gari au geuka upepo uwe mgongoni. Wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi funga kila kitu, wakiingia kwenye kioo cha kuangalizia utawatoa wiki nzima.

## Kesi za pembeni

Hasselblad yangu imekwama, lensi haitoki.

Mara nyingi bodi na lensi haviko sawa, kimoja kimekokwa na kingine hakijakokwa. Sheria ni kwamba vyote viwe vimekokwa kabla ya kuunganisha, na kamera haibonyezi mpaka kibamba cha magazini kitolewe, kwa hiyo hakikisha kwanza hilo la kibamba. Ikiwa imekwama kweli, unatoa magazini, unapita nyuma kwa bisibisi ndefu nyembamba, unazungusha kiskurubu cha shata ya lensi kufuata saa mpaka kikae. Polepole, bisibisi ikiteleza unakwaruza kioo cha nyuma. Fundi saa mwenye mkono mzuri anaweza kukufanyia ukimwonyesha, fundi simu mwambie asante.

Nimepata Kodak ya babu, filamu ya 120 haiingii.

Hiyo itakuwa ya 620. Filamu ni upana uleule, spuli ndiyo nyembamba. Unanunua 120, unaingia gizani, unaiviringisha kwenye spuli ya 620 na kuirudisha, inafanya kazi. Spuli ya zamani iliyomo ndani usiitupe, ndiyo unayoihitaji.

Nimeona magazini ya 220 bei nusu, si sawa tu?

Sio sawa. 220 ilikuwa ndefu mara mbili na haina karatasi katikati, na leo karibu haitengenezwi. Ukiweka 120 kwenye magazini ya 220 kaunta haijui roli imeisha na filamu haikai bapa sawasawa, wengine wanafanya na picha zinatoka, ila kwa bei ya filamu ya leo siwezi kukushauri. Yashica Mat 124G ina swichi ya ndani ya kubadilisha, hakikisha iko upande wa 120. Magazini ya 220 ukipewa bure ichukue kwa spea, kulipia hapana.